Nakusanya zamu, sikusanyi namba

Baba alikuwa mtu wa bandari, na nyumba yetu ya Makorora ilihesabu siku kwa zamu zake. Akiwa zamu ya mchana tulikula naye usiku. Akiwa zamu ya usiku tulirudi shule tukinyata, mama ameweka kidole mdomoni tangu mlangoni, mzee amelala. Enzi hizo meli kubwa hazikufika gatini Tanga. Zilitia nanga nje, penye kina, na mzigo ukashushwa kwenye matishari yaliyokokotwa hadi nchi kavu. Makuli walipanda meli wakashinda humo zamu nzima, wakala na mabaharia, wakazoeana. Basi alfajiri moja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baba alirudi na furushi lililofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akalitua mkekani. "Baharia mmoja Mfilipino kanipa," aliniambia. "Kauliza kama nina mtoto anayesoma."

Mlikuwa na vitabu vya katuni kumi na kimoja, vyote vya Spider-Man. Saba havikuwa na jalada. Kwa miaka mingi niliamini kuna mtoto mtundu mahali fulani aliyeyachana, na nilimchukia bila kumjua. Baadaye sana ndipo nilipopata sababu yake. Huko Marekani, muuza magazeti aliyebakiwa na nakala hakuhangaika kurudisha kitabu kizima kwa msambazaji. Alichana jalada, au kipande cha juu chenye jina, akarudisha hicho tu ili arejeshewe pesa yake. Kitabu chenyewe kilitakiwa kiharibiwe. Vingi havikuharibiwa. Viliuzwa kwa bei ya kutupa, vikaingia kwenye mabegi ya watu, vikapanda meli. Vyangu saba ni miongoni mwa hivyo vilivyohukumiwa vikanusurika, na mpaka leo nikivishika navishika tofauti na vile vyenye jalada.

Cha juu kabisa kilikuwa The Amazing Spider-Man namba 230, cha Julai 1982. Nilikuwa darasa la nne. Katuni nilizozijua ni za Ndumilakuwili na Madenge, nilizosoma kwa kinyozi katika magazeti ya Sani yaliyochakaa mpaka yakawa laini kama kitambaa. Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia na kuhesabu. Lakini picha zilinishika shati. Kuna jitu linaitwa Juggernaut, ambalo likishaanza kutembea hakuna kinacholisimamisha. Kuta linapita katikati. Na kuna huyu mwembamba mwenye nguo nyekundu na buluu analifuata mji mzima. Analipiga ngumi, haliioni. Analirushia utando, anaburutwa. Analigonga kwa lori la mafuta, lori linalipuka, jitu linatoka motoni likitembea vilevile. Mwishowe anamrukia kichwani na kumziba macho kwa mikono yake, na jitu kwa hasira linaendelea kwenda bila kuona linakokwenda, mpaka linaingia kwenye msingi wa jengo uliomwagwa zege bichi. Linazama taratibu.

Sisi watoto wa Tanga saruji tunaijua. Kiwanda kiko Pongwe, malori yake yanapita mjini, kila nyumba ina mfuko mtupu uliogeuzwa kazi nyingine. Nilijua zege likishashika hakuna mjadala nalo. Nilikwenda kumwamsha baba, jambo lililokatazwa kabisa, nikamwonyesha ukurasa ule. Aliutazama muda mrefu akiwa bado amelala ubavu. "Huyu fundi," akasema, "kamwacha mwenyewe aingie." Akarudi kulala.

Kilichonisumbua ni swali moja. Kwa nini mtu mwembamba hivi alifuate jitu asiloliweza? Hakuna aliyemtuma. Angeweza kukaa nyumbani. Jibu lilikuwa kwenye namba 229, na namba 229 haikuwemo furushini. Niliipata baada ya miaka 19. Kukusanya kwangu kulianzia hapo, katika kutafuta mwanzo wa hadithi ambayo mwisho wake nilikuwa nao tayari.

Jina la shujaa nalo lilizua mazungumzo nyumbani. Kwetu pwani buibui ni mdudu na buibui ni vazi, na shangazi yangu, aliyekuwa hatoki bila lake, alitaka kujua ni mwanamume gani huyo wa kuitwa Mtu Buibui na mbona kavaa jekundu. Lakini shangazi huyohuyo hakuruhusu buibui auawe nyumbani kwake. Alituhadithia mara nyingi habari ya pango la Thawr: Mtume na Abubakar wamo ndani, maadui wako nje, na buibui ametanda utando mlangoni, wakadhani hakuna aliyeingia. Na chuoni tulisomeshwa Sura ya Al-Ankabut, inayosema nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni nyumba ya buibui. Nikayaweka mambo hayo mawili pamoja, nyumba dhaifu kuliko zote na nyumba iliyookoa, na nikaona nimemwelewa Peter Parker, kijana aliye ndani ya nguo za Spider-Man, kabla sijaweza kusoma sentensi zake.

Sasa kuhusu zamu.

Jalada likichanwa, jina la mwandishi halipotei, kwa kuwa kwenye vitabu vile liko ndani, ukurasa wa kwanza, kwenye kisanduku kidogo: nani kaandika, nani kachora, nani kapaka wino, nani kaandika herufi. Nilianza kuyanakili majina hayo kwenye daftari kwa sababu yalikuwa maneno rahisi kuyasoma. Nilipofika kitabu cha sita niliona majina yanajirudia. Roger Stern. John Romita Jr. Halafu vikaja vitabu viwili vya watu wengine, na Peter alikuwa yuleyule na si yuleyule. Anaongea zaidi. Anakasirika upesi. Nilimuuliza baba inakuwaje. Sikumbuki nilivyouliza, lakini jibu nalikumbuka: "Hao wanapokezana zamu."

Ndivyo ilivyo hasa. Spider-Man si mali ya anayemwandika. Ni mali ya kampuni, Marvel. Mwandishi anaingia, anakuta mzigo umeachwa nusu, anaubeba kwa muda wake, anamkabidhi anayefuata. Kuna wanaobeba kwa uangalifu na kuna wanaoangusha makasha. Tangu siku ile nimeita zamu, na sijaona neno jingine linaloshika jambo hili vizuri hivyo. Wako wakusanyaji wa namba, wanaotaka zote bila pengo. Wako wakusanyaji wa thamani. Hao hutaja Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, ambamo Spider-Man alizaliwa, iliyouzwa senti 12 dukani na ambayo nakala yake moja iliuzwa kwa mnada mwaka 2021 kwa dola milioni 3.6. Mimi nataka zamu nzima ya mtu aliyejua anabeba nini, tangu anaingia mpaka anatoka. Haijalishi kama ni nakala ya asili, ya kurudiwa, au imefungwa pamoja katika kitabu kinene.

Zamu ya kwanza haina ubishi. Stan Lee na Steve Ditko, Amazing Fantasy ile na kisha namba 1 ya Machi 1963 hadi namba 38 ya Julai 1966. Ditko ndiye aliyempa Peter mabega yaliyoinama na vidole vile vya mikono vinavyokunjwa kwa namna ambayo wachoraji wote wamemuiga. Atakayesoma sehemu moja tu asome namba 31 hadi 33. Mimi nazimiliki katika Marvel Tales, jarida lililokuwa linachapisha upya hadithi za zamani, na zilinigharimu kidogo. Namba 33, ya Februari 1966, inaanza Peter amefukiwa chini ya mtambo wa chuma. Maji yanadondoka kutoka juu. Dawa ya May, aliyemlea, iko sakafuni mbele ya macho yake na mkono haufiki. Kurasa kadhaa hafanyi lolote ila kujaribu kunyanyuka. Ditko anavipanua visanduku kidogo kidogo kadiri chuma kinavyoinuka, mpaka ukurasa mzima unakuwa picha moja, naye amesimama, chuma kiko juu ya kichwa chake. Watu waliobeba magunia ya mkonge kwa mgongo hawahitaji kuelezwa ukurasa ule.

Hapa niseme jambo ambalo wasomaji wa Kiingereza hawalioni. May wanamwita neno ambalo sisi kwa haraka tunalitafsiri shangazi. May si shangazi wa Peter. Ni mke wa Ben, na Ben ni kaka mkubwa wa baba yake Peter. Kwa hesabu yetu Ben ni baba mkubwa na May ni mama mkubwa. Mama. Peter ni yatima aliyelelewa na baba na mama, baba akauawa na mwizi ambaye Peter mwenyewe alimwacha akapita, na sasa mama yuko hospitalini, anakufa kwa sababu ya damu ya Peter yenye mionzi aliyoongezewa. Ukiisoma namba 33 ukijua kwamba kile kichupa ni dawa ya mama, hutauliza nguvu zilitoka wapi.

Lee na Ditko walifariki mwaka mmoja, 2018. Nilikaa kibarazani na Marvel Tales zangu tatu jioni nzima.

John Romita, yule baba, alichukua kalamu toka namba 39 na kila mtu akawa mzuri wa sura. Mary Jane aliyekuwa akifichwa uso kwa muda mrefu alionekana namba 42. Ni zamu nzuri, napita. Gerry Conway alikuwa kijana wa miaka 20 alipoandika namba 121, ya Juni 1973, ambamo Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, anaangushwa kutoka darajani. Utando unamdaka, na kwenye picha, karibu na shingo yake, kuna neno dogo la mlio wa kitu kukatika. Peter anamvuta juu akishangilia kwamba amemwokoa. Sijawahi kuisoma hadithi hiyo mara mbili kwa siku moja. Todd McFarlane na utando wake wa kamba kamba, na adui Venom wa namba 300 ya mwaka 1988, najua vinapendwa na vina bei. Nimevisoma, nimevirudisha kwa mwenyewe.

Zamu yangu ni ya Stern.

Aliingia Amazing namba 224, Januari 1982, na kutoka karibu na namba 252 ya Mei 1984. Miaka miwili na ushee tu. Kabla yake alikuwa ameandika jarida jingine la shujaa huyohuyo, Spectacular, kwa hiyo aliingia anajua milango. Romita mdogo alichora nyingi kati ya hizo, akiwa bado anajipata, mistari yake myepesi kuliko ile mizito iliyokuja kumpa sifa. Kinachonifanya niiweke juu ya zote ni kwamba Stern hakumfanya Peter ashinde kwa sababu ni shujaa. Anashinda kwa sababu amekataa kuondoka. Hana pesa ya kodi, amechelewa kazini, amekosa usingizi, na bado yupo. Nimekulia na mtu wa namna hiyo.

Toleo la namba 248, la Januari 1984, lina hadithi fupi ya nyongeza, aliyoiandika Stern na kuchorwa na Ron Frenz. Mtoto wa miaka tisa, Tim, anakusanya kila kitu kinachomhusu Spider-Man: vipande vya magazeti, picha, hata risasi zilizopigwa kwake zikamkosa. Usiku mmoja Spider-Man anaingia dirishani. Wanaangalia mkusanyiko pamoja. Anamweleza mtoto alivyopata nguvu zake, anakubali kwamba baba mkubwa alikufa kwa kosa lake. Mtoto anamuuliza wewe ni nani hasa, naye anavua kinyago. Halafu anaondoka, na nje, chini ya taa, tunaona jengo ni hospitali ya wagonjwa wa saratani, na tunaambiwa mtoto amebakiza wiki chache.

Kitabu hicho kilikuwemo katika furushi la baba. Nilikisoma na kamusi ya Maktaba ya Mkoa, neno kwa neno, siku nne. Neno la mwisho nililolitafuta lilikuwa jina la ule ugonjwa wa damu, na nilipolipata nilifunga kamusi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu huniuliza mkusanyiko wangu utauzwa bei gani nikihitaji pesa. Huwa namfikiria Tim. Mkusanyiko wake ulikuwa njia ya kukaa karibu na mtu. Na Stern, badala ya kumcheka mkusanyaji, alimpa heshima ambayo hakuwahi kumpa mhusika mwingine yeyote: uso wenyewe.

Jambo la pili la Stern ni Hobgoblin. Alimleta namba 238, Machi 1983, adui aliyefunika uso, na kwa makusudi hakusema ni nani. Alikuwa na jibu kichwani. Lakini aliondoka zamu kabla hajalitoa. Waliofuata walibeba siri wasiyoijua yaliyomo, na mwaka 1987, katika namba 289, ikatangazwa kwamba alikuwa Ned Leeds, mwandishi wa habari, ambaye hapo tayari alikuwa ameshauawa katika toleo jingine. Ukizisoma tena zile za Stern unaona haikai. Basi mwaka 1997 Stern akarudi, akapewa matoleo matatu, Hobgoblin Lives, akaonyesha kwamba muda wote alikuwa Roderick Kingsley, na vidokezo vilikuwa palepale alipoviacha. Miaka 13 baada ya kutoka. Mtu amerudi kazini kufunga mzigo wake mwenyewe uliofungwa vibaya na wengine. Matoleo hayo matatu nimeyaweka kwenye kisanduku kimoja na ya mwaka 1983, na hata mtu anayependa mpangilio wa miaka hatanishawishi niyatenganishe.

Zamu nyingine ninazozitunza nitazitaja kwa kifupi. Kuwindwa kwa Spider-Man na Kraven, mwaka 1987, kulikoandikwa na J. M. DeMatteis na kuchorwa na Mike Zeck, kunamfukia Peter kaburini akiwa hai. Ni matoleo sita tu, lakini yalitawanywa katika majarida matatu, mawili Web, mawili Amazing, mawili Spectacular, kwa hiyo ukikusanya jarida moja unabaki na theluthi ya hadithi. Hiyo tununue ikiwa imefungwa pamoja. Brian Michael Bendis na Mark Bagley walianza upya kabisa mwaka 2000 na Ultimate Spider-Man, wakafanya matoleo 111 mfululizo bila kutengana, wakaipita rekodi ya Lee na Jack Kirby ya matoleo 102 ya Fantastic Four. Ndiyo ninayowapa vijana wanaotaka kuanza. Na J. Michael Straczynski aliyeingia mwaka 2001, ambaye katika namba 38 ya Februari 2002, hesabu ya namba ikiwa imeshaanza upya, aliwakalisha May na Peter kwenye viti waongee. May ameshagundua kwamba Peter ndiye Spider-Man. Toleo zima ni mama na mwana wanazungumza, kila mmoja anataka lawama ya kifo cha Ben iwe yake. Hakuna ngumi hata moja. Zamu hiyo mimi naishia katikati. Mwisho wake wa mwaka 2007, ambapo ndoa ya Peter na Mary Jane inatolewa kwa shetani ili May apone, siuweki nyumbani. Nimeusoma kwa mwenzangu nikaurudisha, kwa sababu May niliyemjua namba 38 asingekubali kununuliwa kwa bei hiyo.

Kutunza karatasi Tanga ni kazi ya kila siku, na hapa naongea kama mtu anayeuza karatasi; nina miaka 16 katika steshenari ya Ngamiani. Vitabu hivi vilichapwa kwenye karatasi ya magazeti, ambayo ndani yake mna lignini ya mti. Ikipata mwanga na joto inageuka njano, kisha kahawia, kisha inavunjika kama mkate mkavu. Hilo liko dunia nzima. La kwetu ni chumvi na unyevu. Masika ikishika, Machi hadi Mei, shuka hazikauki, na upepo wa bahari unaingia kila tundu. Cha kwanza kufa ni pini. Zinashika kutu, kutu inaingia kwenye karatasi, na ukurasa wa katikati unachomoka wenyewe ukibaki na madoa mawili mekundu. Nimepoteza hivyo namba 226. Usibandike selotepu, gundi yake inageuka mafuta ya kahawia na haitoki. Usitumie ubao wa manila wa kawaida kuunyooshea kitabu, una asidi, unakila kutoka nyuma. Mimi naagiza bahasha za polipropilini na kadibodi isiyo na asidi, nikikosa kadibodi naacha bahasha peke yake. Visanduku viko juu ya tofali mbili kwa ajili ya mchwa, mbali na ukuta wa nje. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, wauza viatu wa barabara ya jirani wananiwekea. Naviweka kila kisanduku na kuvibadilisha masika na vuli. Na mara moja kwa mwezi, siku kavu ya kaskazi, nafungua visanduku vyote vipate hewa kivulini. Kivulini, si juani.

Namba 229 niliitafuta kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba wa Dar es Salaam, wale wanaopanga chini karibu na Posta. Nilipata vingine, viwili vya Essential, vile vinene vya bei nafuu visivyo na rangi, lakini hiyo hapana. Halafu niliiagiza nje kwa pesa ya akiba ya miezi mitatu. Kifurushi hakikufika, na waliopewa kukileta waliniambia niandike barua, nikaandika barua nne. Mwaka 2011 binamu yangu wa Mombasa aliiona kwenye meza ya vitabu chakavu, akanipigia simu akinisomea jalada polepole, nikamwambia usiondoke hapo. Ilivuka Horohoro ndani ya basi, imefungwa kwenye kanga ya mama yake, katikati ya mikate ya ufuta.

Sikuisoma peke yangu. Baba alikuwa ameshastaafu, macho yameingia ukungu, anashinda kibarazani akisikiliza redio na kubishana na wenzake habari za Coastal Union. Nilikaa pembeni yake nikamtafsiria kisanduku kwa kisanduku. Kumbe kuna bikizee kipofu, Madame Web, anayeishi kwa nguvu ya kiti chenye mitambo. Juggernaut ametumwa amchukue. Spider-Man anajaribu kumzuia na anashindwa, kabisa, mbele ya macho ya yule bibi. Jitu linamng'oa kitini, linagundua bila kiti atakufa na hana faida tena, linamwacha hapo na kuondoka zake. Ndiyo sababu ya kulifuata katika namba 230. Bibi hawezi tena kuokolewa na ngumi. Lakini haiwezekani aliyefanya vile atembee tu aende zake.

"Sawa," baba alisema. "Sasa nieleze ya saruji."

Nikamsomea 230, ile isiyo na jalada, ambayo alikuwa ameileta mwenyewe. Zege lilipomfunika yule jitu alinyamaza kidogo.

"Akatoka?"

Alitoka, nikamwambia. Yumo kwenye kitabu kingine, X-Men namba 183 ya mwaka 1984, amekaa baa New York na glasi yake ya bia.

"Nani alikuwa zamu?"

Chris Claremont. Aliishika X-Men toka 1975 mpaka 1991.

Baba aligeuza uso upande wangu, ingawa sidhani kama aliniona vizuri. "Miaka kumi na sita hajabadilishwa?" Akatikisa kichwa, akapapasa kikombe chake cha kahawa, nikamsogezea. "Kilete basi hicho."

Nimeshamwandikia binamu wa Mombasa.